Jinsi Tulivyopanga Kurasa za Gazeti la Shule Mwaka 1980

Nimeombwa na halmashauri ya gazeti hili niandike machache juu ya historia ya gazeti la shule yetu, na hasa namna kurasa zake zilivyokuwa zikipangwa kabla ya kuja kwa kompyuta. Nilikubali haraka, kwa sababu kazi hiyo niliifanya mimi mwenyewe nilipokuwa kidato cha tatu, na mtu hupenda kuulizwa habari za kazi aliyoijua. Lakini nilipokaa chini kuandika niliona kwamba ndani ya habari hiyo limo jambo ambalo sikupata kulisema mbele ya wenzangu kwa zaidi ya miaka 40. Siwezi kueleza habari za stensili na wino nikaliruka. Basi wenzangu wa miaka ile mnisikilize kwa subira, na ninyi vijana mlioko madarasani mnivumilie nikianzia mbali kidogo.

Wengi hudhani kuwa gazeti la shule ni mtoto wa magazeti makubwa, kwamba wakubwa walitangulia na wanafunzi wakaiga. Katika Kiswahili mambo yalikuwa kinyume. Mwezi wa Oktoba 1888, huko Kiungani, Unguja, katika shule ya misheni ya Kiingereza ya UMCA, lilitoka gazeti lililoitwa Msimulizi. Hilo huhesabiwa kuwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili, na lilikuwa gazeti la shule. Ndani yake mlikuwa na habari za Kiungani yenyewe, na habari kutoka vituo vya bara kama Magila na Masasi, zilizoletwa na walimu waliokwisha kusoma pale na kupelekwa mbali kufundisha. Kwa maneno mengine, ndugu zangu, lilikuwa gazeti la wanafunzi wa sasa na wa zamani, kama hili mlilolishika mkononi.

Baadaye, wakati wa Wajerumani, gazeti la Kiongozi lilichapwa katika shule ya serikali ya Tanga. Januari 1923 serikali ya Mwingereza ilianzisha Mambo Leo mjini Dar es Salaam, gazeti la kila mwezi lililowalea washairi na waandishi wengi wa lugha yetu, nalo lilianza chini ya idara ya elimu. Walimu na makarani wa wilayani walilipelekea habari za kwao, na huko katika meza ya mhariri zilichaguliwa zipi ziingie na zipi zibaki. Hilo la kubaki ndilo ninalotaka mlikumbuke, maana nitalirudia.

Huku kwetu Bukoba gazeti lililokuwa nyumbani kwa watu wengi lilikuwa Rumuli, gazeti la Jimbo Katoliki, ambalo wazee walilijua tangu miaka ya 1950. Kwa Kihaya jina hilo lina maana ya mwenge. Nakala zake kuukuu ndizo zilizonifundisha maana ya safu, kichwa cha habari na nafasi nyeupe, na aliyenifundisha kuzisoma hivyo alikuwa mzee mmoja mpiga chapa wa mjini.

Mzee huyo alikuwa na chumba cha kazi karibu na soko. Alijifunza kazi Uganda wakati wa mkoloni, akarudi na mashine ya kukanyaga kwa mguu na masanduku ya herufi za risasi. Shule ilimpa kazi ya kuchapa jalada tu, kwa sababu jalada lilikuwa ukurasa mmoja na fedha yetu haikuruhusu zaidi. Mwalimu mlezi wa gazeti alinituma kwake Jumamosi moja ya mwezi wa Juni 1980 nikiwa na maneno ya jalada katika karatasi. Nilimkuta anapanga kadi za harusi. Nilimwamkia kwa heshima, naye bila kuinua macho akasema, "Karibu mwanangu, nani amekufa?" Nilishangaa. Kumbe siku zile wanafunzi hawakwenda kwake ila kwa kuchapisha tangazo la msiba.

Alinionyesha herufi. Zilipangwa kichwa chini, zikisomeka kutoka kushoto, na yeye alizisoma upesi kama mimi nisomavyo barua. Alilalamika juu ya jambo moja ambalo sijalisahau: masanduku yale yaliagizwa kwa hesabu ya Kiingereza, yenye herufi E tele na herufi K chache. Sasa andika Kiswahili bila K! Kila alipofika katikati ya ukurasa K zilikwisha, na alilazimika kuchapa nusu ya kwanza, kubomoa, kisha kupanga nusu ya pili. "Waliotengeneza herufi hizi," alisema, "hawakujua kama siku moja mtu ataandika kakake kakaa kitako."

Nilipomwambia kwamba gazeti lenyewe tutalidurufu shuleni kwa stensili, aliniuliza litakuwa na kurasa ngapi. Nilijibu, "Kama 21 au 22 hivi, mzee." Akaacha kadi zake. Akachukua vipande sita vya karatasi, akavilaza kimoja juu ya kingine, akavikunja katikati vikawa kijitabu, akanipa penseli niandike namba, moja hadi 24. Kisha akanivuta vile vipande, akavitandaza mezani, akaniambia nitazame. Ukurasa wa 24 ulikuwa upande mmoja na ukurasa wa 1. Ukurasa wa 2 ulikuwa pamoja na wa 23. Wa 3 ulilala na wa 22. Katikati kabisa 12 na 13 ndizo pekee zilizokuwa majirani wa kweli. Akaniambia nijumlishe. Kila upande wa kila karatasi ulikuwa na jumla ya 25.

"Hakuna gazeti la kurasa 21," alisema. "Hakuna la 22. Ni 20 au 24. Ukiongeza ukurasa mmoja umeongeza minne, na ukipunguza mmoja umepunguza minne."

Vijana wanaotumia kompyuta wananiambia kwamba hesabu hiyo ipo mpaka leo. Mashine imebadilika, lakini karatasi ikikunjwa mara moja bado ina kurasa nne. Aliniambia na jambo la pili, kwamba mtu akifungua gazeti jicho lake hutua kwanza ukurasa wa kulia, yaani wenye namba witiri. Ukurasa huo ni wa heshima. Wa kushoto ni wa matangazo na mabaki. Nilirudi shuleni kwa miguu nikiwa na kijitabu kile mfukoni, najiona bwana mkubwa.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Kwa wasioijua stensili: ilikuwa karatasi laini yenye nta, iliyopachikwa juu ya karatasi ngumu. Uliitia katika tapureta baada ya kuondoa utepe, ukapiga herufi zikatoboa nta. Ukipiga kwa nguvu mno, herufi O ilikatika mviringo mzima, na wakati wa kuchapa ilitoka doa jeusi mahali pa O. Ukikosea ulipaka dawa nyekundu, ukangoja ikauke, ukapiga tena juu yake. Picha haikuwezekana. Tulichora kwa kalamu ya chuma, na mchoro wetu wa meli ya Victoria ikitia nanga Bukoba ulionekana zaidi kama sanduku lenye bomba.

Karatasi yetu ilikuwa fulskepu. Ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne ndogo, lakini ili kurasa mbili zikae ubavu kwa ubavu ilitupasa kupiga stensili kwa upande wake mrefu, na tapureta ya kawaida haikuipokea. Ile pana ilikuwa moja tu, katika chumba cha mhasibu, na tuliruhusiwa kuitumia Jumamosi baada ya saa nane tu. Stensili 12 ndizo zilizotosha gazeti zima, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kuharibu. Unapiga ukurasa wa 24 upande wa kushoto, na wa 1 upande wa kulia. Mwandishi wa barua ya mkuu wa shule na mwenye duka aliyetangaza mabati na misumari wakajikuta katika stensili moja, ingawa gazetini hawakutazamana kamwe. Tulipokuja kudurufu, tulichapa upande mmoja wa karatasi zote, tukazitandaza bwaloni zikauke usiku kucha, kesho yake tukageuza na kuchapa upande wa pili. Tuligeuza vibaya karatasi kama 40 kabla ya mmoja wetu kugundua kwamba ukurasa wa 2 umesimama kwa kichwa. Hizo zilitumika bafuni, nisifiche.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka mmoja nyuma. Mkoa wetu uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulikuwa umepewa jina la Kagera mwaka 1979. Taifa zima lilikuwa limeambiwa lifunge mkanda, na mikanda ilifungwa kweli: sabuni, sukari, chumvi, mafuta ya taa, vyote kwa foleni. Karatasi pia. Kiwanda cha Mgololo kule Mufindi kilikuwa hakijaanza kazi bado. Wanafunzi tuliandika madaftari mpaka kwenye jalada. Katika hali hiyo shule ilitoa rimu nne kwa ajili ya gazeti, na mwalimu mlezi alituonya kwamba hata karatasi moja zaidi haitapatikana.

Rimu nne ni karatasi 2,000. Shule tulikuwa wanafunzi 300 kasoro wachache, na kila mmoja alikuwa amechanga fedha apate nakala yake. Nakala 300 za karatasi sita ni karatasi 1,800. Zilibaki 200 za kuharibika. Kuongeza karatasi ya saba kungedai 300 nyingine, na hizo hatukuwa nazo. Kwa hiyo kurasa zilikuwa 24 na mlango ukafungwa. Mimi ndiye niliyefanya hesabu hiyo ubaoni mbele ya halmashauri, na kila mtu alikubali.

Halmashauri ilikuwa ya watu wanne. Makala yalikuja mengi kuliko tulivyotazamia: barua ya mkuu wa shule, taarifa ya shamba letu la migomba na maharage, habari za mpira (tulifungwa, lakini mwandishi aliandika kana kwamba tumeshinda), mashairi saba, mafumbo, hotuba ya ndugu kutoka ofisi ya chama, historia ya bweni moja, na matangazo ya wenye maduka waliotusaidia. Na ilikuja insha moja ya mwanafunzi wa kidato cha pili.

Kijana huyo alitoka ng'ambo ya Mto Kagera, upande wa Missenyi. Mnakumbuka kwamba majeshi ya Idi Amin yaliingia kule mwishoni mwa Oktoba 1978, na kwamba tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka lilivunjwa. Watu wa upande ule walikatiwa njia. Insha yake ilikuwa ukurasa mmoja na nusu wa daftari, kwa mwandiko mdogo, yenye kichwa "Tulivyovuka Mto". Hakusema habari za majeshi wala ushujaa. Aliandika vitu walivyoviacha njiani, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio. Kwanza cherehani ya mama yake. Kisha debe la kahawa kavu. Kisha mbuzi aliyekataa kuingia mtumbwini. Aliandika kwamba ule mwezi ulikuwa mwezi wa senene, na kwamba usiku walipolala porini senene walitua juu yao kwa wingi, na hakuna aliyewakamata.

Niliipenda. Niliipigia penseli katika kijitabu cha mfano ukurasa wa 17, ukurasa wa kulia, wa heshima, nikamwambia mwenyewe kuwa imekubaliwa. Alitabasamu, hakusema kitu.

Siku mbili kabla ya kupiga stensili ya mwisho tuliletewa orodha ya viranja wote wa mwaka ule, mabweni yote, pamoja na makapteni wa michezo na viongozi wa vikundi. Ilidai ukurasa mzima, na ilidaiwa kwamba viongozi wasiwekwe ukurasa wa kushoto pamoja na mabati. Tulikutana baada ya chakula cha jioni. Mmoja alipendekeza tupunguze mashairi, lakini washairi walikuwa saba na wote ni wakali. Mwingine alisema tuondoe mafumbo, lakini mafumbo yalishachapwa. Ndipo likatoka neno ambalo lilitumaliza sote: "Hii habari ya vita, kila mtu anaijua. Nani hapa hakusikia mizinga? Vita imekwisha." Sikumbuki kama nilisema mimi au mwenzangu. Nakumbuka kwamba nilichukua kifutio.

Naomba mnielewe. Hakuna aliyetulazimisha, wala hakuna aliyekuwa na chuki. Tulifuata hesabu. Nilimwambia yule kijana kwamba nafasi imekosekana na kwamba insha yake itatoka mwaka ujao. Mwaka uliofuata gazeti halikutoka kabisa, kwa kukosa karatasi. Alikuja mara moja kuniomba daftari lake. Nililitafuta katika kabati la halmashauri, nikakuta kurasa zimechanwa. Nadhani mtu alizitumia kufungia kitu. Nikamwambia nitamtafutia. Sikumtafutia.

Neno lile la "kila mtu anaijua" lilinirudia baadaye kwa njia nyingine. Mimi ni mtu wa Nshamba, huku Muleba, na nimezaliwa mwaka 1962. Mwaka huo ndipo ulipotokea ule ugonjwa wa kucheka. Ulianza tarehe 30 Januari katika shule ya wasichana ya Kashasha, ukawapata wasichana 95 kati ya 159, na shule ilifungwa mwezi wa Machi. Wasichana waliporudishwa makwao ulienda nao, na Nshamba peke yake watu 217 waliugua katika mwezi wa Aprili na wa Mei. Namba hizi zote zimeandikwa na madaktari wawili, Rankin na Philip, katika jarida la udaktari mwaka 1963, na tangu hapo dunia nzima imezinakili. Nimezikuta katika vitabu vya Marekani. Nimezisikia redioni zikisimuliwa kwa mzaha, kana kwamba watoto wale walikuwa wakifurahi.

Mama yangu hakuisimulia habari ile kama mzaha. Kwake ilikuwa habari ya wasichana waliolia baada ya kucheka, waliokimbia ovyo, na wazazi waliokaa usiku na taa wakidhani mtoto amelogwa au amekula unga wenye sumu. Kila mtu Nshamba aliijua, na kwa kuwa kila mtu aliijua, waliobaki kuisema ni wale walioandika. Madaktari walifanya kazi yao vizuri, siwalaumu. Lakini nilipokuwa mtu mzima nikitafuta maneno ya msichana mmoja tu, aliyoyaandika siku zile kwa mkono wake, nilijikuta nawaza juu ya ukurasa wa 17.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi alasiri, tetemeko la ardhi lilipiga mkoa wetu. Watu walikufa, nyumba kwa maelfu zilibomoka au kupasuka, na shule kadhaa za sekondari ziliumia vibaya. Mnajua majengo yetu yalivyokuwa. Stoo ya vitabu vya zamani ilipoteza ukuta mmoja, na kabla ya kufunikwa turubai mvua ilinyesha. Magazeti ya shule yaliyokuwa humo yakawa uji. Nilipopata habari hizo niliomba ndugu zangu nyumbani wapekue sanduku langu la bati, na ndani yake walikuta nakala yangu ya mwaka 1980, imetafunwa na mende pembeni lakini inasomeka. Katikati yake, kati ya ukurasa wa 12 na wa 13, kilikuwamo kijitabu changu cha mfano, kile kile alichonikunjia mzee mpiga chapa.

Nilikitazama muda mrefu. Kila ukurasa una jina la makala kwa penseli. Ukurasa wa 17 umeandikwa "Viranja", na chini ya neno hilo karatasi imekwaruzwa, na ukikiinamisha kwenye mwanga unaona alama za maneno yaliyofutwa. Nilichukua kalamu nikaanza kuifanya upya hesabu ile ya ubaoni, bila sababu ya maana, kwa kujipitishia muda. Karatasi 2,000. Nakala 300 kwa karatasi sita. Halafu nikajiuliza: kwa nini nakala 300? Katika mabweni vijana watatu au wanne walisoma gazeti moja, siku zote. Kama tungechapa nakala 270 za karatasi saba, zingehitajika karatasi 1,890, na zingebaki 110 za kuharibika. Kurasa 28. Viranja wangepata wao, insha ingepata wake, na zingebaki kurasa tatu tupu. Wanafunzi chini ya 30 wangerudishiwa michango yao, au wangengoja nakala ya jirani.

Hesabu hiyo ni ya darasa la nne, lakini mwaka 1980 hakuna hata mmoja kati yetu watu wanne aliyeifanya. Tulitaka kila mtu apate nakala yake, jambo zuri, na tukaamini kwamba karatasi ndiyo iliyokataa.

Halmashauri ya sasa iliponiomba makala haya niliamua kumtafuta yule kijana. Si kijana tena. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1982, akafanya kazi katika ushirika wa kahawa, akaoa Muleba, na sasa anaishi upande wa Kamachumu na migomba yake na wajukuu. Nilikwenda kwa basi dogo kutoka Bukoba mjini. Alinipokea kwa heshima zote, akanipa kahawa ya kutafuna kama ipasavyo mgeni, tukaongea habari za walimu, nani yu hai na nani ametangulia. Mwishowe nikatoa kile kijitabu nikamweleza yote, na hesabu ya 270 pia.

Alikigeuzageuza. Akasema, "Kaka, mimi nilidhani ilikuwa mbaya." Nikamwuliza nini. "Insha. Nilidhani iliachwa kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa kibaya. Wenzangu wa Bukoba walinicheka matamshi. Basi sikuandika tena."

Sikuwa na la kujibu. Mkewe alileta ndizi na samaki, tukala. Wakati wa kuagana nilimwomba aiandike tena. Alicheka, akasema kwamba aliyeiandika alikuwa na miaka 16 na hayupo. Nikamwambia aandike huyu aliyepo. Wajukuu wake walikuwa wakitusikiliza, na mmoja, aliyeko kidato cha kwanza, aliuliza ni vita gani hiyo tunayoisema. Babu yake alimtazama, kisha akanitazama mimi.

Baada ya wiki tatu nililetewa bahasha na dereva wa basi. Ndani mna karatasi tisa zilizoandikwa kwa mkono, mwandiko ule ule mdogo. Cherehani imo, na debe la kahawa, na mbuzi. Yamo pia mambo ambayo hayakuwamo mwaka 1980, kwa kuwa mtoto wa miaka 16 hangeweza kuyaandika, mengine ni ya huzuni kuliko nilivyotegemea. Kichwa chake ni kile kile.

Mwalimu kijana anayepanga gazeti hili kwa kompyuta aliniambia, kwa adabu, kwamba habari hiyo inadai kurasa tano, na kwamba gazeti ni la kurasa 40 na limekwisha jaa. Kuongeza ukurasa mmoja ni kuongeza minne, alinieleza, kana kwamba sijui. Nilimwuliza zitachapwa nakala ngapi. Tulikaa naye jioni nzima ofisini, tukahesabu mara tatu. Gazeti limebaki na kurasa 40. Mtaikuta "Tulivyovuka Mto" kuanzia ukurasa wa 17 hadi wa 21. Orodha ya viranja wa mwaka huu haimo, na lawama zake naomba niletewe mimi.